Get, kitenzi kilichokuja kwa jahazi

Anayefungua kamusi ya Kiingereza kwenye kitenzi get hukuta kupata, kufika, kuelewa, hata kuwa, akadhani Waingereza wameishiwa maneno. La hasha, shina ni kupata. Ukipata mahali umefika, ukipata maana umeelewa, nasi kwenye simu husema "nimekupata". Kitenzi chenyewe kililetwa na Waskandinavia walioanza kulowea Uingereza karne ya 9, kwao kikiwa geta. Atakayebisha atasema Kiingereza cha kale tayari kilikuwa na ndugu yake, aliyebaki ndani ya forget, yaani kusahau. Ni kweli, lakini g ya ndugu huyo ilitamkwa y. Angeachwa peke yake, leo wangesema foryet. Hiyo g nzito ni ya wageni.