Nani Anafika Chuoni kwa Gari? Usafiri na Maegesho ya Vyuo katika Bonde la Kilombero

Mada iliyowasilishwa katika warsha ya usafiri na matumizi ya ardhi ya vyuo, Lupiro, Wilaya ya Ulanga



Nimeombwa nizungumzie maegesho ya vyuo. Neno hilo likitajwa, wengi wetu tunaona magari: mistari myeupe, vitofali vya kupanga chini, kibao cha "Mkuu wa Chuo Tu". Ninachokuja kusema ni kwamba katika bonde hili suala la maegesho linaanzia kwenye miguu, baiskeli na bodaboda, na kwamba inafaa tulimalize sasa, wakati magari yenyewe bado ni machache na ardhi bado ipo. Tukisubiri yajae, tutakuwa tunabomoa badala ya kupanga.

Kwa nini tuzungumzie Lupiro

Wenyeji hawahitaji kuelezwa Lupiro ni nini. Ukitoka Ifakara ukavuka mto, barabara inagawanyika hapa: kushoto Mahenge, kulia Malinyi. Kila mwanafunzi wa Ulanga au Malinyi anayekwenda kusoma Ifakara anapita kwenye njia panda hii, na kila gari la utafiti au la mafunzo ya vitendo linalokuja vijijini linapita hapahapa.

Zamani safari hiyo iliamuliwa na pantoni. Aliyechelewa alilala ng'ambo, na maji yakijaa hakuna aliyejua atavuka lini. Januari 2016 kivuko kilizama mtoni. Mei 2018 likazinduliwa Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, na hesabu za watu zikabadilika kabisa. Kutoka Lupiro hadi Ifakara ni kama kilometa 30. Mtu anaweza kuamka nyumbani, akahudhuria kipindi, akarudi kulala kwao. Upande wa kaskazini nako, barabara ya Kidatu hadi Ifakara, karibu kilometa 67, ni ya lami. Chuo ambacho wanafunzi wake walikuwa wakifika na masanduku yao mwanzoni mwa muhula na kuondoka likizo, sasa kinaanza kupata watu wa kwenda na kurudi kila siku. Hao wa kila siku ndio wanaozaa suala la maegesho.

Pale Ifakara taasisi zimekaa jirani. Maabara iliyoanzishwa na Waswisi mwaka 1957 ndiyo iliyokua ikawa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Hospitali ya Rufaa ya St. Francis ipo karibu yake, na tangu 2010 kuna chuo kikuu kishiriki cha afya chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Kwa hiyo njia inayompeleka mwanafunzi darasani ndiyo inayompeleka mjamzito wodini, muuguzi kwenye zamu, na mama mwenye hotipoti ya uji wa mgonjwa. Huwezi kupanga usafiri wa chuo kama hiki ukasahau kwamba mgonjwa hana muda wa kutafuta nafasi.

Ifakara ni mji wa baiskeli

Mji ni tambarare, na baiskeli zimekuwapo kabla wataalamu hawajaanza kuandika ripoti za "usafiri endelevu". Mkulima anabeba gunia la mpunga kwenye keria, limekazwa kwa mipira iliyokatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu. Mwanafunzi anafunga mfuko wa plastiki juu ya kiti ili mvua isilowanishe sponji. Chuo kikitaka kuwa rafiki wa mazingira hapa, hakina haja ya kuanzisha kitu kipya. Kinatakiwa kuacha kuwafukuza wanaofanya hivyo tayari.

Nasema kuwafukuza kwa makusudi. Nimefundisha chuo kimoja, mkoa mwingine, ambako uwanja wa mbele ulitandazwa vitofali vizuri kwa ajili ya magari ya watumishi, na mlinzi akapewa agizo kwamba baiskeli zisionekane kutoka getini kwa sababu "zinaharibu sura ya taasisi". Zikapelekwa nyuma ya jiko, juani, karibu na jalala. Muhula haukuisha, wanafunzi kadhaa walikuwa wameibiwa taa, pampu na hata kiti. Wengine wakahamia bodaboda na kuanza kulipa kila siku nauli ambayo hapo kabla ilikuwa chakula cha mchana.

Wasioendesha hawajui jua linaifanya nini baiskeli. Gundi ya kiraka inalainika, kiraka kinaachia, na mtu anayetoka darasani saa nane mchana anakuta tairi limekaa chini. Fundi naye yuko mbali. Kwa hiyo paa la mabati juu ya baiskeli ni kitendea kazi, kama ubao darasani. Likiezekwa paa hilo karibu na geti, pakawekwa mabomba ya chuma yaliyokunjwa na kuchimbiwa chini ili mtu afunge fremu na gurudumu kwa mnyororo mmoja, na fundi akapewa kona yake na pampu yake, mambo mengi tunayoyaandikia maandiko ya kuomba fedha yatakuwa yamekwisha. Mabomba hayo anaweza kuyachomelea fundi yeyote wa magrili pale Ifakara.

Jambo la wanafunzi wa kike lisipitwe. Wengi wanajua kuendesha, maana wamekua wakitumwa dukani kwa baiskeli ya baba, lakini wakifika chuo wanaiacha. Ukiwauliza watakutajia giza la njiani baada ya kipindi cha jioni, baiskeli zenye bomba la juu ambazo hazipandiki kwa sketi, na maneno ya vijana wa vijiweni. Mawili ya kwanza chuo kinaweza kuyatatua kwa bajeti ndogo: taa kati ya geti na mabweni, na baiskeli chache za kukodisha zisizo na bomba hilo. La tatu ni la kuzungumza na viongozi wa vijiwe, na nafurahi kuwaona hapa.

Hesabu ya ardhi

Gari dogo moja linahitaji nafasi ya mita 2.5 kwa 5. Ukiongeza njia ya kuingilia na kugeuzia, kila gari linachukua kama mita 25 za mraba. Magari 40 yanakula mita 1,000 za mraba, ambazo ni karibu robo ekari. Kwa watu wa Lupiro, robo ekari ni shamba la mpunga. Baiskeli ikiegeshwa vizuri inatosha kwenye mita 2 kwa 0.6, maana yake nafasi ya gari moja inaingia baiskeli kumi. Ofisa mipango anayetenga robo ekari kwa watumishi 40 wenye magari huku mamia ya wanafunzi wakifunga baiskeli kwenye mashina ya miembe ameshagawa mali ya chuo, hata kama hajui kwamba ameigawa.

Mwanauchumi Donald Shoup wa Los Angeles alitumia maisha yake kueleza jambo hilo, na kitabu chake cha 2005 kuhusu gharama ya maegesho ya bure kinasomwa mpaka leo. Hoja yake ni nyepesi: maegesho ya bure hayapo, yupo anayeyalipia. Katika chuo, anayeyalipia mara nyingi ni mwanafunzi asiye na gari.

Maji na mbu

Hapa tunatofautiana na Los Angeles. Bonde la Kilombero ni ardhioevu ya kimataifa, iliyoorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2002. Masika yakija, maji yanatafuta pa kwenda, na kila eneo tulilolifunika kwa zege linayasukuma kwa jirani. Eneo la maegesho lililojazwa kifusi bila mfereji linageuka bwawa, magari yanachimba makorongo ya matairi, na makorongo hayo yanabaki na maji kwa wiki.

Lupiro inafahamika kwa watafiti wa malaria duniani kote, kwa kuwa mbu wa kijiji hiki wamechunguzwa kwa miaka mingi. Mbu aina ya Anopheles arabiensis hupenda kuzaliana kwenye vidimbwi vidogo vya muda vyenye jua: nyayo za ng'ombe, mashimo ya kufyatulia matofali, na alama za matairi. Kwa haki niseme kwamba katika bonde hili mwenzake, Anopheles funestus, ndiye anayeambukiza zaidi, na yeye anapenda maji ya kudumu kuliko vidimbwi vya njiani. Hata hivyo itakuwa aibu kwa chuo cha afya kufundisha udhibiti wa mazalia darasani huku kikiyafuga mlangoni. Mchoro wowote wa maegesho katika bonde hili uanze na mfereji: maji yataingilia wapi na yatatokea wapi. Changarawe iliyoshindiliwa, yenye mteremko, inatosha. Vitofali vya kupendeza vinaweza kusubiri, na miti isikatwe.

Bodaboda si adui

Tangu kanuni za 2010 ziliporuhusu pikipiki na bajaji kubeba abiria kibiashara, kijiwe kimekuwa sehemu ya kila geti la taasisi nchini. Vyuo vingi vinakitazama kama uchafu, kila baada ya muda mgambo wanakuja kukisambaza, na kesho yake kimerudi. Kinarudi kwa sababu kina kazi. Muuguzi anayetoka zamu usiku hana daladala, na mgonjwa kutoka Lupiro hashushwi na kosta mlangoni mwa wodi.

Tatizo halisi ni mishikaki na mwendo. Wanafunzi watatu wanachanga nauli, wanapanda pikipiki moja, kofia ngumu ni moja na imevaliwa na dereva. Kutoka Ifakara hadi hapa kwa mtindo huo ni hatari, na kuwakemea vijana peke yake hakujasaidia. Chuo kinaweza kukaa na kijiwe wakaandikiana mambo machache: pikipiki ngapi zinakaa getini kwa wakati mmoja, nauli za kawaida zibandikwe ukutani, madereva wa zamu ya usiku wawe wanaofahamika kwa namba za fulana zao, kofia ya abiria iwepo. Kijiwe kinapata mahali halali penye kivuli, chuo kinapata utaratibu. Asiyetimiza, wenzake wenyewe wanamtoa, kwa sababu ana hatari ya kuwapotezea wote nafasi.

Kwa safari ya Lupiro kwenyewe, dawa ni gari la pamoja lenye saa zinazojulikana. Si lazima chuo kinunue basi. Wenye kosta wapo, na wanajua biashara yao. Wakihakikishiwa abiria wa asubuhi na wa jioni siku za vipindi, watakubali mkataba wa muhula. Vivyo hivyo kwa safari za mafunzo ya vitendo: si mara moja tumeona magari matatu ya taasisi tofauti yakifuatana kwenye vumbi moja kwenda kijiji kimoja, kila moja na watu wawili ndani. Ratiba moja ukutani ingeyafanya yawe moja.

Kuhusu umeme nitasema kidogo tu. Makerere walionesha gari lao la umeme, Kiira EV, mwaka 2011, na maji ya Kilombero ndiyo sehemu kubwa ya maji ya Rufiji yanayozungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115. Bonde linalochangia umeme huo lina haki ya kutamani pikipiki zinazoutumia. Lakini soketi za kuchajia zije baada ya paa la baiskeli.

Kutoza au kutotoza

Najua hili litaleta mjadala, na mwenyekiti amenionya kuhusu muda. Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani kilipopewa kibali cha kuongeza majengo mwaka 2000, kiliwekewa sharti kwamba safari za magari za saa za msongamano zisiongezeke. Kikapandisha ada ya maegesho, kikaweka mabasi ya bure, na kikaona kuwa kuwashawishi watu waache magari ni nafuu kuliko kujenga maegesho ya ghorofa. Sisi hatuna msongamano wa namna hiyo. Tunachoweza kuchukua kwao ni mpangilio: anayetumia ardhi nyingi achangie, asiyetumia asichangie. Ada ndogo ya mwezi kwa gari la mtumishi ingetosha kumlipa mlinzi wa baiskeli na kuzibua mifereji kabla ya masika. Magari ya wagonjwa, ya walemavu na ya dharura yasiguswe na ada hiyo, na yapewe nafasi za karibu kabisa na milango.

Ombi langu kwa vyuo vilivyowakilishwa hapa ni moja. Kabla mhandisi hajachora chochote, wekeni watu wawili getini siku moja ya kawaida, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, waandike kila anayeingia: kwa miguu, kwa baiskeli, kwa bodaboda, kwa bajaji, kwa gari, na kama gari hilo lina watu wangapi. Fomu ya kuhesabia ni ya ukurasa mmoja na nakala zake nimemwachia katibu wa warsha. Kila chuo kichukue yake kabla ya chakula cha mchana.