Asiambiwe "Subiri" Kabla Hajapimwa: Tathmini ya Muuguzi na Hatua za Kwanza katika Idara ya Dharura



Mada niliyopewa katika semina hii ni tathmini ya muuguzi na hatua za kipaumbele katika idara ya dharura. Naomba niianzie benchini.

1. Utangulizi: mtoto aliyekuwa "amelala"

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa zamu ya usiku katika hospitali ambayo sitaitaja. Benchi la mapokezi lilijaa. Mwishoni aliketi bibi mmoja, mjukuu kamlaza mapajani, kamfunika kanga. Mama wa mtoto alikuwa dirishani anafungua faili. Nilipita mbele yao mara mbili: kwanza nikimkimbilia majeruhi wa bodaboda aliyekuwa akipiga kelele, kisha nikirudi na dripu mkononi. Mara ya tatu nilisimama, nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu," akajibu, halafu akaninong'oneza, "Mwache apumzike. Homa imemsumbua tangu asubuhi, sasa amelala."

Nilifunua kanga. Nikamwita mtoto kwa jina, hakuitika. Nikambinya ukuchani, akakunja uso kidogo, basi. Tulipompima sukari, mashine ilisoma milimoli 1.6 kwa lita. Alikuwa na kilo 10 hivi, na glukosi tuliyokuwa nayo ilikuwa ya asilimia 50. Tulichukua mililita 10 zake, tukachanganya na mililita 40 za maji ya sindano, tukapata mililita 50 za asilimia 10, tukamsukumia mshipani taratibu. Hazikupita dakika nyingi, akalia. Watu benchini waligeuka kumhurumia. Sisi tuliomzunguka tulishusha pumzi, maana kilio kile ndicho tulichokuwa tukikingoja.

Walikuwa wamekaa pale karibu dakika 40. Hakuna aliyezembea usiku ule. Kila muuguzi alikuwa na mgonjwa mikononi. Glukosi ilikuwepo kabatini, na kipimo cha sukari kilikuwa mfukoni mwa mwenzangu. Kilichokosekana ni mtu mmoja ambaye kazi yake, zamu nzima, ni kumpima kila anayeingia kabla hajaketi. Hoja yangu leo ni hiyo: mgonjwa asiambiwe "subiri" kabla hajapimwa. Na kipimo kikionyesha hatari, mkono uleule uliopima uanze kutenda.

2. Mlangoni: kupanga wagonjwa kwa uzito

Triaji ni kuwapanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao badala ya saa waliyofika. Neno lenyewe limetoka katika Kifaransa, na maana yake ni kuchambua. Dominique-Jean Larrey, daktari mpasuaji wa jeshi la Napoleon, anakumbukwa kwa kushikilia kwamba majeruhi watibiwe kwa uzito wa jeraha bila kujali cheo. Kwetu Tanzania fani hii ilipata msukumo mkubwa mwaka 2010, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipofungua idara kamili ya tiba ya dharura na chuo kikuu cha MUHAS kikaanza kufundisha madaktari bingwa wa dharura.

Mfumo mmojawapo unaotumika sana Afrika ni ule wa Afrika Kusini, ulioanza kuandaliwa Cape Town mwaka 2004. Muuguzi hutazama kwanza dalili za hatari zinazoonekana wazi: asiyepumua vizuri, anayevuja damu nyingi, aliye katika degedege. Kisha hupima mambo saba na kuyapa alama: mgonjwa amefikaje (anatembea, anasaidiwa au amebebwa), pumzi kwa dakika, mapigo ya moyo, presha ya juu, joto, hali ya fahamu, na kama ameumia. Alama 7 na zaidi ni nyekundu, ahudumiwe papo hapo. Alama 5 hadi 6 ni rangi ya chungwa, asizidishe dakika 10. Alama 3 hadi 4 ni njano, ndani ya saa moja. Chini ya hapo ni kijani, anaweza kungoja hadi saa nne.

Tumchukue kijana aliyeanguka na bodaboda. Ameingia kwa miguu yake, anashika ubavu, anasema "niko sawa, sista." Kutembea: 0. Mapigo 118: alama 2. Presha ya juu 106: 0. Joto la kawaida: 0. Yuko macho na anajieleza: 0. Ameumia: 1. Zimebaki pumzi. Ukihesabu kwa dakika nzima unapata 24, alama 2. Jumla ni 5, rangi ya chungwa, dakika 10.

Sasa tuseme muuguzi kachoka, benchi limejaa, naye anaandika "20" bila kuhesabu. Pumzi 20 ni alama 1. Jumla inashuka hadi 4, njano, na kijana huyo anaweza kukaa benchini saa nzima, bandama lake likivuja taratibu. Tarakimu moja ya kubuni imemnyang'anya dakika 50.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu sote tumeziona chati zenye pumzi "20" kuanzia mgonjwa wa kwanza hadi wa mwisho. Upumuaji ndicho kipimo kisichohitaji mashine, betri wala umeme. Kinataka macho yako, saa yenye mshale wa sekunde na dakika moja. Ndicho tunachokidharau kuliko vyote, na mara nyingi ndicho kinachobadilika mapema mwili unapoanza kushindwa.

3. Kupima na kutenda kwa mfuatano mmoja

Kwa mgonjwa mwenye rangi nyekundu au ya chungwa tunafuata njia inayofundishwa pia katika kozi ya huduma za msingi za dharura iliyotolewa mwaka 2018 na Shirika la Afya Duniani kwa kushirikiana na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Kanuni yake ni nyepesi kuitaja na ngumu kuitii: ukikuta tatizo, lishughulikie kabla ya kusonga mbele.

*Njia ya hewa.* Msemeshe mgonjwa. Akijibu kwa sauti ya kawaida, njia iko wazi kwa sasa. Akikoroma au kutoa sauti ya maji kooni, fyonza, inua kidevu na urudishe kichwa nyuma. Kama ameumia, acha shingo itulie na usukume taya mbele. Asiye na fahamu lakini anapumua, na ambaye hakuumia, mlaze ubavu.

*Upumuaji.* Hesabu, tazama kama pande zote mbili za kifua zinapanda, sikiliza, weka kipimo cha oksijeni kidoleni. Mgonjwa wa dharura mwenye oksijeni chini ya asilimia 94 aanze kupewa oksijeni wakati faili lake bado liko dirishani. Asiyepumua ipasavyo asaidiwe kwa mfuko wa ambu. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Basi na oksijeni asiulizwe bima.

*Mzunguko wa damu.* Shika mkono wa mgonjwa: je, ni wa baridi, una jasho? Bonyeza kucha, achia, hesabu. Rangi ikichelewa zaidi ya sekunde tatu, damu haifiki. Panapovuja, gandamiza kwa gozi na kiganja, usifunue kila mara kuchungulia. Weka kanula mbili kubwa, chukua damu ya kupima kundi. Kwa majeruhi anayevuja damu nyingi, asidi traneksamiki gramu 1 kwa dakika 10, ikiwa hazijapita saa tatu tangu aumie. Utafiti wa CRASH-2, uliochapishwa mwaka 2010 ukiwa na majeruhi zaidi ya 20,000, ulionyesha kuwa dawa hiyo hupunguza vifo, na kila saa inayopita hupunguza faida yake.

*Fahamu.* Ngazi ni nne: yuko macho, anaitikia sauti, anaitikia maumivu, haitikii kabisa. Tazama mboni, pima sukari. Kila mgonjwa aliyebadilika fahamu apimwe sukari, hata kama ananuka pombe, hata kama ndugu wanasema ana mapepo. Mjamzito au mama aliyejifungua karibuni akipata degedege, mchukulie kuwa ana kifafa cha mimba: magnesi salfeti gramu 4 mshipani polepole, kisha gramu 5 katika kila tako. Kabla ya kila dozi ya kuendeleza, hakikisha pumzi hazipungui 16, goti linaruka ukiligonga, na mkojo unatoka. Kalsiamu glukoneti iwe karibu.

*Mwili mzima.* Mvue nguo, mtazame mbele na nyuma, kisha mfunike asipate baridi. Jeraha la kisu mgongoni, alama ya meno ya nyoka kifundoni, upele usiofifia: vyote hujificha chini ya nguo. Mstiri kwa pazia. Heshima ya mgonjwa ni sehemu ya huduma hata katika dakika hizo.

4. Kutenda bila kupima ni hatari vilevile

Mazoea yetu ni kwamba aliyezidiwa atundikiwe dripu. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa FEAST, uliofanyika Uganda, Kenya na Tanzania. Kwetu ulifanyika Muheza. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutofika vizuri viungoni waligawanywa: wengine walipewa maji mengi ya haraka mshipani, wengine hawakupewa. Ndani ya saa 48, katika makundi mawili yaliyopewa maji hayo walikufa asilimia 10.6 na 10.5, katika kundi ambalo halikupewa walikufa asilimia 7.3. Watoto waliokaukiwa maji kwa kuharisha hawakuhusishwa, nao bado wanahitaji maji. Lakini mtoto mwenye malaria kali na upungufu wa damu anaweza kuzidiwa na dripu ileile tuliyomtundikia kwa nia njema. Kabla ya kufungua dripu, tazama viganja na kope kama vimepauka, uliza kuhusu kuharisha, hesabu pumzi. Ikianza kutiririka, rudi umhesabu tena.

Wakunga nao wametuonyesha njia. Utafiti wa E-MOTIVE wa mwaka 2023, uliofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ulianza na kitu kidogo: mfuko wa plastiki wenye alama za ujazo unaowekwa chini ya mama anapojifungua. Damu haikukadiriwa kwa macho tena. Ilipofika alama ya hatari, mkunga alianza hatua zote kwa pamoja: kukanda kizazi, oksitosini, asidi traneksamiki, maji mshipani na kutafuta chanzo. Kutokwa damu kulikokithiri, upasuaji au kifo kwa sababu ya damu vilipungua kwa jumla ya asilimia 60. Dawa hizo tulikuwa nazo zamani. Kilichoongezeka ni kupima mapema na kutenda papo hapo.

5. Kurudia na kukabidhi

Rangi ya triaji inasema hali ya mgonjwa saa ile tu. Aliyekuwa njano saa mbili usiku anaweza kuwa mwekundu saa tatu kasorobo. Kila unapochukua hatua, mpime mgonjwa tena: baada ya oksijeni, baada ya glukosi, baada ya degedege kukoma. Mgonjwa akibadilika ghafla, rudi mwanzo kabisa, kwenye njia ya hewa.

Na unapomkabidhi kwa daktari au zamu inayofuata, sema mambo manne: nani huyu na ana nini sasa, historia yake kwa ufupi, ulichopima na ulichofanya kwa saa zake, na unaomba nini. Kusema "huyu hayuko vizuri, dokta" hakumsaidii mtu. "Pumzi 34, oksijeni 86, nimempa oksijeni dakika tano na haijapanda, naomba uje sasa" kunamwinua daktari kitini.

6. Mapendekezo

1. Kila zamu, mchana na usiku, iwe na muuguzi wa triaji asiyeondolewa mlangoni. Awe mzoefu, tusimweke mgeni kwa sababu tu wengine wako na kazi.
2. Faili, malipo na bima vifuate triaji. Kwa rangi nyekundu na chungwa, vifuate huduma ya kwanza.
3. Mwanzo wa zamu, kabla ya chai, wawili wakague: mifuko ya ambu ya ukubwa wote, kipimo cha mtungi wa oksijeni, mashine ya kufyonza, vibanzi vya sukari, glukosi, magnesi.
4. Saa kubwa yenye mshale wa sekunde itundikwe mahali pa triaji.
5. Walinzi wa getini na wapokezi wafundishwe dalili za hatari. Wao humwona mgonjwa kabla yetu.
6. Kila wiki tukae tujadili mgonjwa mmoja aliyecheleweshwa, bila kutafuta wa kumlaumu, mpaka tujue dakika zake zilipotelea wapi.

7. Hitimisho

Baada ya usiku ule tulianzisha desturi ndogo ambayo haikuhitaji bajeti. Kila nusu saa muuguzi mmoja anapita benchini kuanzia mwanzo hadi mwisho. Anamsalimu kila mtu, anamgusa, anasubiri aitikiwe. Mtoto aliyefunikwa anafunuliwa. Aliyelala anaamshwa, na mzazi anaombwa radhi. Wengi hunung'unika kwa kuamshiwa mtoto, na ni haki yao. Mtoto naye hulia, kisha hurudi kulala usingizi wa kweli.

Kesho mkirudi vituoni, naomba mlifanye hilo mara moja tu kabla ya zamu kwisha. Piteni benchini, na mmoja wa mliowakuta mumhesabu pumzi kwa dakika nzima.