KITUFE CHA SAUTI KIKIANZA KUKWARUZA
Mazungumzo kwa vikundi vya kujisaidia, Njoro

Vikundi vingi hapa kwetu vina mashine ya kukuza sauti, inayokodishwa pamoja na hema na viti. Ni mali ya kila mmoja wetu. Basi spika zikianza kukwaruza, au zikinguruma ghafla katikati ya mazishi, msikimbilie kuuza mashine kwa hasara. Mara nyingi kilichoharibika ni kidude kimoja chenye miguu mitatu, nyuma ya kitufe cha sauti. Kwa vitabu huitwa potenshiometa. Mafundi husema volyumu tu.

Kwanza, vumbi. La kwetu wakati wa kiangazi mnalijua. Chomoeni umeme, fundi apulizie dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, kisha azungushe kitufe mara nyingi. Mafuta ya kupikia hapana! Yananasa vumbi zaidi.

Kikiwa kimechakaa, someni maandishi yake kabla ya kwenda Nakuru mjini. 100K ni kiasi cha ukinzani. Halafu herufi: siku hizi kwa kawaida A ni ya sauti, B hupanda sawasawa. Kwa nini tofauti? Kwa sababu sikio halipimi kama rula. Ili tusikie sauti imekuwa maradufu, nguvu huongezeka kama mara kumi. Mkiweka B, sauti hujaa mapema, na mzunguko uliobaki hauna kazi kubwa. Vifaa vya zamani vya Ulaya huweza kuwa na herufi tofauti, kwa hiyo pimeni kwa mita kabla ya kulehemu. Kitufe kikiwa katikati, B ya 100K husoma 50K kila upande. A husoma kama 10K hadi 15K upande wa sauti ndogo.

Je, mkikosa A? Chukueni B ya 100K, fundi alehemu rezista ya 15K kutoka mguu wa kati hadi mguu wa ardhi. Katikati itapitisha karibu moja ya tano badala ya nusu. Si sawa kabisa na A, lakini sikio litaridhika. Mashine ya stirio inataka kidude cha ghorofa mbili, na rezista mbili.

Na kidude kipya kikikwaruza? Kapasita iliyo kabla yake huenda inavujisha umeme. Ibadilishwe.

Basi, fundi akiwaambia mashine imekufa, mwulizeni kwanza: volyumu umeipima?