MIZANI YA UPEPO NA MIZANI YA HASARA



Leo twapenda kuzungumza juu ya wajibu wa mtu anayetumwa kukadiria hasara baada ya maafa kuvipiga vijiji. Wengi hudhani kuwa hiyo ni kazi ya kalamu na hesabu tu. Sisi twasema kuwa hiyo ni kazi ya ushahidi, na shahidi hana budi kwanza ajue anashuhudia jambo gani.

Tuchukue mfano wa Bangladesh. Jioni ya tarehe 26 Aprili, 1989, baada ya miezi mingi ya ukame, kisulisuli kikubwa, ambacho wataalamu hukiita tonado, kilizipiga sehemu za Daulatpur na Saturia, wilayani Manikganj, magharibi ya mji wa Dhaka. Watu wapatao 1,300 walifariki, wapatao 12,000 walijeruhiwa, na wapatao 80,000 walibaki bila makazi. Katika kumbukumbu za dunia hakuna tonado iliyoua watu wengi zaidi ya hao. Tumelirudia neno “wapatao” kwa makusudi, kwani hizo zote ni hesabu za kukadiria. Kila palipo na makadirio, pana hatari ya mtu kusahauliwa.

Jinsi upepo unavyopimwa

Ni nadra sana chombo cha kupimia upepo kuwepo ndani ya tonado, kikasalimika. Kwa sababu hiyo, mwaka 1971 Profesa Tetsuya Fujita, Mjapani aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Chicago, alitoa kipimo cha kukisia nguvu ya upepo kwa kuuangalia uharibifu wenyewe. Bwana huyu alikwisha kuchunguza magofu ya Hiroshima na Nagasaki mwaka 1945. Kipimo chake kilirekebishwa, na tangu mwaka 2007 Marekani hutumia chenye daraja 0 hadi 5. Mkaguzi hutazama aina 28 za vitu, yaani majengo, nguzo na miti, kisha hujiuliza: je, nyumba hii ilifungwa barabara kwenye msingi wake, au ilikuwa dhaifu tangu mwanzo?

Elimu hii ni ya manufaa, lakini ina mpaka wake, na mpaka huo huonekana zaidi mashambani. Tarehe 31 Mei, 2013, tonado yenye upana wa kilometa 4 ilipita karibu na El Reno, jimbo la Oklahoma. Rada zilipima upepo wa zaidi ya kilometa 450 kwa saa. Hata hivyo ilipewa daraja la 3 tu, kwani ilipita zaidi katika mashamba wazi, na uharibifu ulioonekana haukuthibitisha zaidi ya hapo. Na tonado ya Enderlin, North Dakota, ya tarehe 20 Juni, 2025, nayo kwanza iliandikwa daraja la 3. Baada ya kuchunguza tena mabehewa ya treni yaliyopinduliwa na kurushwa, wataalamu waliipandisha mwezi Oktoba hadi daraja la 5. Basi aliyerudi kutazama mara ya pili ndiye aliyeikaribia kweli.

Nyumba ya mnyonge

Sasa rudini pamoja nasi Manikganj. Nyumba ya udongo, mianzi na mabati huanguka hata kwa upepo wa kadiri. Ikianguka, haituelezi sana nguvu ya upepo, lakini yatueleza mengi juu ya mtu aliyekuwa akiishi humo. Mwisho wa Aprili mpunga wa kiangazi wa nchi ile hukaribia kuvunwa. Aliyepoteza nyumba na mavuno kwa jioni moja amepoteza mwaka mzima, pengine na deni juu yake.

Kwa hiyo, ndugu zangu, zipo mizani mbili, na ni dhulma kuzichanganya. Moja hupima upepo, na ya pili hupima hasara ya watu. Mwenye kuishika hii ya pili asiishie barabarani, bali aingie hadi nyumba ya mwisho. Aandike majina ya wakazi pamoja na idadi ya mabati. Awaulize wajane na wapangaji, ambao mara nyingi hawana hati ya kiwanja. Ahesabu mifugo, mbegu, majembe na visima. Asiongeze kwa ajili ya jamaa yake wala asipunguze kwa ajili ya hasimu wake, kwani kila kinachoongezwa kwa uongo hutoka katika fungu la mwingine.

Katika Kiarabu kisulisuli huitwa i'saar, neno la mzizi mmoja na kukamua. Qur'ani Tukufu, katika Sura Al-Baqara, imepiga mfano wa mwenye bustani iliyopigwa na kisulisuli chenye moto. Mfano huo umeletwa katika mafundisho ya kutoa sadaka. Lakini tazameni: haukutaja kasi ya upepo, bali umetaja kwamba mwenye bustani alikuwa mzee, na watoto wake dhaifu. Hivyo ndivyo hasara inavyopimwa: kwa kumtazama aliyebakia.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe mashahidi waadilifu. Amin.