Kuamka Mara kwa Mara Usiku Ilhali Pumzi Imetengemaa

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyeufanya usiku kuwa sitara yetu na usingizi kuwa mapumziko ya miili yetu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake, masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.

Ndugu Waislamu, mliokusanyika hapa na ninyi mnaotusikiliza majumbani kwa njia ya redio, tunakuusieni, na tunajiusia wenyewe kwanza, kumcha Mwenyezi Mungu. Leo tumekusudia kuzungumza jambo ambalo ni nadra kusikika juu ya mimbari, nalo ni usingizi wa mgonjwa.

Alitujia mzee mmoja wa jamaa yetu baada ya sala ya Isha. Ametupa ruhusa ya kulieleza jambo lake bila ya kulitaja jina lake. Kwa miaka mingi alikuwa dereva wa malori katika barabara ya kutoka Dodoma kwenda Manyoni na Singida, na mara mbili Mwenyezi Mungu alimwokoa baada ya kusinzia mchana kweupe akiwa ameshika usukani. Usiku alikuwa akikoroma hata jirani wa chumba cha pili akamsikia. Mkewe ndiye aliyegundua kwamba mkoromo ule hukatika ghafla, nyumba ikawa kimya, kisha mumewe akashtuka na kuvuta pumzi kwa kishindo kama mtu anayeopolewa majini.

Hayo ndiyo maradhi ya kukatika pumzi usingizini, ambayo madaktari huyaita apnia ya usingizi. Mtu alalapo, misuli ya koo hulegea. Kwa baadhi ya watu, hasa walionenepa shingo, njia ya hewa hujibana mpaka ikaziba. Damu hupungukiwa na hewa safi, ubongo ukatishika na kumgutusha mwenyewe, koo likafunguka, akalala tena. Huendelea hivyo usiku kucha, naye asubuhi hakumbuki lolote isipokuwa uchovu na kichwa kuuma. Mzee wetu alipopimwa ilionekana pumzi yake hukatika au kufifia zaidi ya mara 40 katika kila saa moja. Kwa fedha ya ng'ombe aliowauza na mchango wa wanawe, akapata mashine inayosukuma hewa kwa bomba hadi kwenye barakoa ya puani, hewa ile ikalizuia koo lisijifunge. Tiba hii ilibuniwa na Daktari Colin Sullivan na wenzake mjini Sydney, Australia, mwaka 1981, na imewapa nafuu watu wengi. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na mabedui kuhusu dawa, aliwaamuru watafute tiba, akawafahamisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa bila ya kuuwekea dawa, isipokuwa uzee. Basi anayevaa barakoa ile analitii agizo hilo, na watoto wa nyumba wanaomcheka babu yao kwa kusema amevaa mkonga wa tembo wafundishwe adabu.

Sasa sikilizeni shida yenyewe. Mashine ile huandika hesabu kila usiku, na hesabu ya mzee huyu sasa haizidi 4 kwa saa, nao madaktari huhesabu chini ya 5 kuwa hali ya kawaida. Mkoromo umekoma. Mkewe analala. Lakini yeye mwenyewe bado anaamka mara nne, mara tano kila usiku. Akatuambia: "Sheikh, ama mashine hii imenidanganya, ama nina jambo lisilo la hospitali."

Watu walikuwa wamekwisha kumshauri. Mmoja alimwambia ni mashetani, akanywe kombe na kuiweka mbali mashine. Mwingine, na huyu alikuwa na nia njema, alimwambia kwamba kila akiamka ni mwito wa Mola wake, kwa hiyo asikae kitandani bali anyanyuke, atawadhe na asali. Mzee akaufuata ushauri wa pili kwa imani yake yote. Saa tano usiku anawasha taa, anajimwagia maji ya baridi, anasali. Saa saba vivyo hivyo. Saa nane, saa tisa. Kisha barakoa akaona ni udhia kuivaa na kuivua, akaiacha. Adhana ya Alfajiri ikawa inamkuta amelala usingizi mzito, akaamka jua limekwisha kutoka. Siku tatu katika juma moja! Alitulilia machozi, mtu mzima mwenye mvi, kwa kuwa alidhani amekuwa mnafiki.

Ndugu zangu, hatukumwona mnafiki. Tulimwona mgonjwa aliyebebeshwa mzigo na watu wasioujua ugonjwa wake.

Hatuidunishi sala ya usiku. Qur'ani Tukufu katika sura ya Adh-Dhariyat inawasifu waliolala kidogo usiku na kuomba maghufira kabla ya alfajiri. Lakini tazameni mwisho wa sura ya Al-Muzzammil, iliyoanza kwa kumwamuru Mtume asimame usiku. Aya ya mwisho inaleta wepesi, na miongoni mwa sababu zilizotajwa humo ni kwamba Mwenyezi Mungu anajua kuwa watakuwamo miongoni mwetu wagonjwa. Basi kisomwe kilicho chepesi. Mgonjwa ametajwa na Mola wake mwenyewe, na sisi ni nani hata tumsahau?

Na Mtume (S.A.W.) aliingia msikitini akaiona kamba imefungwa baina ya nguzo mbili. Akaambiwa ni ya Zainab, akichoka katika sala huishika. Akaamuru ifunguliwe, na mtu asali akiwa na nguvu, akichoka apumzike. Bibi Aisha amepokea pia kwamba anayesinzia katika sala alale, kwani huenda akataka kujiombea maghufira akajikuta anajiapiza. Tukamwambia mzee wetu: kamba yako nayo tunaifungua. Sala ya Alfajiri ni faradhi, na rakaa za saa saba ni sunna. Haifai sunna kuwa chanzo cha kuipoteza faradhi.

Kisha tukamrudisha kwa daktari wake, maana elimu ya madrasa haipimi damu. Aliyoyapata huko tunayaeleza kwa kuwa wako wengine wenye shida hiyo hiyo.

La kwanza ni kwamba kuamka usiku si ugonjwa kwa dhati yake. Usingizi wa binadamu huja kwa mizunguko, kila mzunguko karibu saa moja na nusu, na kati ya mzunguko na mzunguko watu wengi huamka kidogo, wakageuka upande na kusahau. Umri ukiongezeka, usingizi huwa mwepesi na kuamka huzidi. Mashine ya hewa hufungua koo, haikuahidi kumrudishia mtu wa miaka sitini na tano usingizi wa kijana.

La pili ni mazoea. Fikirini mfugaji wa Kigogo ambaye kwa miaka fisi walilizunguka boma lake kila usiku. Fisi wamekwisha kuondoka, lakini ng'ombe mmoja akikohoa tu, mzee tayari ameshika mkuki mlangoni. Ubongo wa mtu aliyekabwa miaka kumi nao umejifunza kulinda boma. Pumzi imetengemaa, mlinzi hajapata habari. Wengine huwa wana maradhi mawili pamoja, kukatika pumzi na kukosa usingizi, na kutibu moja hakuondoi jingine.

La tatu, na hili kwa mzee wetu ndilo lililokuwa kubwa, ni haja ndogo. Pumzi ikikatika usingizini, moyo huvutika na kutoa kichocheo kinachoziamuru figo kutoa maji, kwa hiyo wenye maradhi haya huenda msalani mara nyingi usiku. Wakitibiwa aghalabu hupungua. Ikiwa haikupungua, yapasa kutazama kisukari, tezi dume kwa wanaume, miguu inayovimba jioni, na dawa anazokunywa mtu. Mzee huyu alikuwa akimeza usiku kidonge cha shinikizo la damu ambacho kazi yake ni kutoa maji mwilini, na juu yake chupa ya chai ya rangi baada ya Isha. Daktari akakihamishia kidonge asubuhi. Yeyote asihamishe dawa yake kwa kutusikia sisi, amwulize aliyempa. Chai aliipunguza mwenyewe, na alituambia hiyo ndiyo ilikuwa ngumu zaidi.

Kisha yapo ya nchi yetu. Hapa Dodoma, tangu Mei hadi Novemba, hewa ni kavu, upepo una vumbi, na usiku wa Juni na Julai una baridi. Anayelala mdomo wazi chini ya barakoa huamka ulimi umekauka kama ngozi ya ngoma. Baadhi ya mashine zina chombo cha maji cha kulainisha hewa. Kijazwe maji yanayoelekezwa na watengenezaji, kwani maji ya chumvi ya visima vyetu huacha ukoko. Barakoa inayovuja hewa machoni nayo humwamsha mtu, na mara nyingi ni ukanda tu uliolegea au mpira uliochakaa. Wako pia wenye kiungulia, wenye maumivu ya viungo, na wenye miguu inayorukaruka kitandani.

Na tunaonya kwa nguvu juu ya vidonge vya usingizi vinavyonunuliwa dukani bila ya cheti. Baadhi yake hulegeza koo na kuzubaisha pumzi, navyo ndivyo vinavyoweza kumrudisha mgonjwa kule alikotoka.

Nasema haya, na ninamwomba Mwenyezi Mungu anighufirie mimi na ninyi.

Hotuba ya pili

Tunamhimidi Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema Mtume wake. Ndugu Waislamu, imebaki kueleza afanye nini aliyeamka na usingizi ukakataa kurudi.

Mwenyezi Mungu ametupa hapa neema tusiyoihesabu. Katika nchi yetu, iliyo karibu na ikweta, urefu wa usiku haubadiliki sana mwaka mzima, na baina ya Isha na Alfajiri tuna takriban saa tisa. Ndugu zetu walioko Uingereza mwezi wa Juni hawana hata nusu ya hizo. Madaktari wa usingizi huwaambia wagonjwa wao waamke saa ile ile kila siku, wawe wamelala vizuri au vibaya, ili mwili ujue mpaka wake. Muislamu amekwisha kuwekewa mpaka huo: ni adhana ya Alfajiri. Ashikamane nao, wala asijilipe kwa kulala mpaka saa nne za asubuhi. Qailula ya mchana iwe fupi. Wala asipande kitandani saa mbili za usiku akidai usingizi wa saa kumi, hali mwili wake unahitaji saa saba. Mzee wetu sasa hulala saa nne.

Akiamka, asitazame saa. Saa ya ukutani humfanya mtu ahesabu mali iliyopotea, na anayehesabu halali. Akae na barakoa yake usoni, alale kwa ubavu wa kulia kama alivyofundisha Mtume wetu, na kulala kwa ubavu huwasaidia wengi wenye koo linaloziba. Ubada bin Samit amepokea kwamba anayeamka usiku akamtaja Mwenyezi Mungu kwa kumpwekesha na kumhimidi, kisha akaomba, huitikiwa. Na akitawadha na kusali, sala yake hukubaliwa. Tazameni upole wa mafundisho hayo. Dhikri imetangulia, nayo yawezekana katika giza, chini ya blanketi, na mashine ikivuma. Akiona muda umepita na macho ni makavu kabisa, basi anyanyuke, akae mahali pengine penye mwanga hafifu, na akitaka asali rakaa mbili. Usingizi ukimjia arudi kitandani, na barakoa irudi usoni. Hilo la mwisho ndilo watu hulisahau, hasa baada ya daku.

Tumeulizwa kuhusu Ramadhani, je, hewa ya mashine inafunguza? Baraza la Fiqhi la Kiislamu katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997 liliamua kwamba hewa ya oksijeni haibatilishi saumu, na hii ya mashine ni hewa tu. Anayelala mchana akaona shaka kwa mvuke wa maji, akizime chombo cha maji, aiache hewa.

Na asiyeweza kuamka kusali usiku ilhali alinuia, imepokewa kwamba huandikiwa alichokinuia, na usingizi wake ni sadaka kutoka kwa Mola wake. Mtume mwenyewe na masahaba zake, wakirudi kutoka Khaibar, walilala mpaka jua likawachoma, na Bilal aliyewekwa zamu alikuwa ameegemea kipando chake. Hakumwita mnafiki. Waliondoka pale, wakatawadha, wakasali.

Mzee wetu bado anaamka. Mara mbili, tatu kwa nadra. Mara moja huinuka, husali Witri yake na kurudi. Juma hili hakukosa Alfajiri hata siku moja, na mchana hasinzii. Angesinzia, tungemrudisha hospitali tena.

Kabla hatujasimama kwa sala, tuna ombi kwa majirani. Umeme ukikatika usiku mashine hunyamaza, na mgonjwa huamka akitafuta hewa. Mwenye betri au jenereta, naye amjua jirani mwenye maradhi haya, azungumze naye leo, kabla ya usiku kuingia.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, na wape usingizi walio macho. Simameni kwa sala.