Homa Ikishuka, Tusilale



Wengi wetu tulirudi kutoka Tanzania. Dengi tuliisikia kule, ilipoingia Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Hapa kwetu kila homa tunaiita malaria. Kipimo kikikataa malaria, tusirudi nyumbani bila kuuliza.

Tangu 2009, OMS inagawa dengi mafungu matatu. Kwanza, isiyo na alama za hatari: mgonjwa anakaa nyumbani, anakunywa sana, anameza parasetamoli, hapana aspirini wala ibuprofeni, na muganga anamwangalia kila siku. Pili, yenye alama: tumbo kuuma sana, kutapika bila kuacha, damu kwenye fizi, kulegea. Huyo analazwa, vilevile mama mwenye mimba na mtoto mchanga, hata bila alama. Tatu, kali: mikono na miguu kupoa, kupumua kwa shida, damu nyingi. Huyo mbio hospitali kubwa, hapohapo.

Hatari mara nyingi inakuja siku ya tatu mpaka ya saba, homa ikianza kushuka, wakati sisi tunasema amepona. Ndiyo maana tunaomba kisanduku chetu kilipe pikipiki kwa kuangalia alama, si joto.