Hesabu ya Siku za Mimba

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, wako waume ambao wakiulizwa mke atajifungua lini hujibu, "Ajuaye ni Mungu," kisha wasiweke hata nauli. Neno hilo ni la kweli, ila limewekwa pasipo mahali pake. Katika Sura ya Ar-Raad, aya ya 8, tumefundishwa kwamba Mwenyezi Mungu anakijua akibebacho kila mwanamke, na kwamba kila kitu kwake kina kipimo. Penye kipimo pana hesabu. Na kukadiria si kudai elimu ya ghaibu.

Mwanamke wa Kiislamu huhesabu siku za hedhi kwa ajili ya Sala yake. Basi na aiandike siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho. Kutoka hapo wakunga huhesabu wiki 40: huongeza miezi 9 na siku 7. Aliyeanza hedhi tarehe 10 Julai hukadiriwa kujifungua tarehe 17 Aprili. Lakini ahesabuye miezi 9 ya mwandamo hupata siku 266 tu, akapungukiwa na wiki mbili. Asiyekumbuka tarehe na aende kliniki mapema, apimwe kwa altrasaundi.

Makadirio si ahadi. Wengi hujifungua kati ya wiki ya 37 na ya 42. Kwa hiyo mume asimtuhumu mkewe kwa kuwa siku zimetangulia. Maulamaa walitoa miaka 2 ya kunyonyesha, iliyo katika Sura Luqman, aya ya 14, katika miezi 30 ya Sura Al-Ahqaf, aya ya 15, wakapata kuwa muda mchache kabisa wa mimba ni miezi 6.

Sisi wa Ngujini, katika milima hii ya Upare, twajua masika yafanyavyo njia zetu. Aprili imo humo. Basi mume aweke akiba, aagane na mwenye gari, na amteremshe mkewe kabla ya uchungu kumshika. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwagiza mtu amfunge ngamia wake kwanza, kisha amtegemee Mungu.

Ewe Mola wetu, wahifadhi mama zetu na vizazi vyetu. Amin.